Maji Yanakwenda Wapi? Mhadhara juu ya Viwanja vya Maji katika Bustani za Mitaa



Katika miji ya Marekani, mtaa unapoomba uwanja wa maji kwa ajili ya watoto wake, kitu cha kwanza kuletwa mkutanoni ni picha. Kuna ndoo kubwa inayojaa na kujimwaga, kuna pete za kupita chini yake, kuna maua ya chuma yanayonyunyiza, na wakazi huombwa wachague wanachokipenda. Mchoro wa chumba cha pampu huja mwisho, na pengine hauji kabisa. Hoja yangu leo ni kwamba utaratibu huo umepinduliwa. Uwanja wa maji ni mtambo wa maji ya umma kabla haujawa mchezo, na uamuzi wa kwanza unaoupasa mtaa ni kujua maji yanakwenda wapi yakishamgusa mtoto. Nasema zaidi ya hapo: mtaa usio na hakika ya kuwa na mtu aliyefunzwa, anayepima maji kila siku ya msimu, usijenge mtambo unaoyarudisha maji yaleyale juu. Ujenge uwanja mdogo ambao maji yake hupita mara moja tu na kuondoka.

Kwa asiyewahi kuuona uwanja wa namna hii, ni sakafu ya zege au ya mpira yenye mteremko mdogo. Maji huruka kutoka kwenye vitundu vya sakafuni na kwenye nguzo, humwangukia mtoto, kisha hutiririka mpaka kwenye wavu wa mfereji na kuzama chini. Hakuna dimbwi. Kwa kuwa hakuna kina, halmashauri haihitaji kuajiri mwokoaji, na mtoto wa kiti cha magurudumu huingia kwa njia ileile anayoingia mwenzake. Tukikumbuka kwamba nchini Marekani kuzama majini ndiko kunakoua watoto wengi zaidi wa umri wa mwaka 1 hadi 4 kuliko sababu nyingine yoyote, tutaona kwamba mahali pa maji pasipo na kina si pambo la bustani. Ni huduma, na watu wanaoipigania katika mikutano ya mitaa wanastahili kuheshimiwa.

Haja yenyewe ni ya zamani kuliko viwanja hivi. Vizazi na vizazi vya watoto wa New York, ambao wazazi wao hawakuwa na nyumba ya pwani wala ada ya klabu, walijipoza kwa mabomba ya zimamoto yaliyofunguliwa barabarani. Na maji ya mtaani yamewahi kuwa jambo la kufa na kupona. Tarehe 12 Julai 1966, katika joto kali, watoto Weusi wa upande wa magharibi wa Chicago walikuwa wakicheza kwenye bomba la zimamoto lililofunguliwa, polisi wakalifunga. Ghasia zilizofuata zilidumu siku kadhaa. Watu 2 waliuawa, na askari wa National Guard wakaitwa. Martin Luther King Jr. alikuwa Chicago mwaka ule akiendesha kampeni ya makazi bora. Miongoni mwa mambo aliyoyatangaza meya Richard J. Daley ili kutuliza hali ni kuwekwa kwa vinyunyizio kwenye mabomba ya zimamoto na kuletwa kwa mabwawa ya kuhamishika. Ghasia hazikutokana na bomba peke yake, kwa maana makazi, ajira na mwenendo wa polisi vilikuwa vimeshawachosha watu. Lakini hatua ya meya inaonyesha kwamba hata serikali ya jiji ilielewa: mtoto kunyimwa maji wakati wa joto ni dhuluma inayoonekana kwa macho, na kila mzazi anaijua anapoiona.

Nimeanza na haja kwa makusudi, maana ushahidi unaofuata ungeweza kumfanya mtu aseme basi, tusijenge. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha hesabu ya milipuko ya magonjwa iliyohusishwa na viwanja vya maji kuanzia mwaka 1997 hadi 2022. Majimbo 23 pamoja na Puerto Rico yaliripoti milipuko 60. Waliougua ni watu 10,611, na 152 kati yao walilazwa hospitalini. Hao ni wale waliofikiwa na ripoti. Kuhara kwa mtoto mmoja nyumbani hakuhesabiwi na mtu. Kinachonishughulisha zaidi ni mgawanyo wa hesabu hiyo, kwa sababu kimelea kimoja, kriptosporidiamu, kilisababisha milipuko 40, na katika milipuko hiyo wakaugua watu 9,622. Yaani katika kila wagonjwa 10, zaidi ya 9 waliangushwa na kimelea hicho. Tatizo linapojikusanya mahali pamoja namna hiyo, mpangaji ana bahati: anajua pa kuelekeza fedha na akili yake.

Tukitazame kwa karibu. Kriptosporidiamu hukaa kwenye utumbo wa mtu na kutoka na choo kikiwa ndani ya ganda gumu lenye upana wa maikroni 4 hadi 6, dogo kiasi kwamba chujio la kawaida la mchanga hukikosa. Klorini inayoua bakteria wengi kwa muda usiofika dakika hukiacha hai kwa zaidi ya siku 7. Sasa mfikirie mtoto wa miaka 2 aliyevaa nepi, aliyeharisha jana na leo amechangamka. Anakaa juu ya kitundu cha maji, kwa sababu maji yanamtekenya na anacheka. Maji yanapita kwenye nepi, yanashuka kwenye mteremko, yanaingia mferejini, yanafika kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Pampu inayavuta, inayapitisha kwenye chujio, inayaongezea klorini, na baada ya dakika chache yanatoka kwenye kitundu kingine, ambako mtoto wa miaka 5 ameinama na kufungua kinywa. Watafiti wa Idaho waliokaa wakawatazama watoto kwenye viwanja hivi waliyaona mambo hayo mawili waziwazi, makalio juu ya maji na vinywa wazi juu ya maji, wakayaandika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Watoto hawana kosa hapo. Uwanja umejengwa ili wafanye hivyo hasa, na mtambo unaodai watoto wasiwe watoto ndio usalimike ni mtambo ulioharibika tangu mezani kwa mchoraji.

Bwawa la kuogelea lina kasoro hiyohiyo, mtu atasema, na bado tunaogelea. Ni kweli, ila tofauti iko kwenye kiasi cha maji. Bwawa ni maji mengi kwa watu wachache. Tangi la uwanja wa maji ni dogo, na watoto wake ni wengi, tena ni wale wa umri wa nepi. Zaidi ya hayo, maji yanayorushwa hewani na kutawanyika juani hupoteza klorini upesi kuliko maji yaliyotulia. Kipimo kilichokuwa sawa saa 3 asubuhi huweza kuwa si kitu ifikapo saa 8 mchana, wakati uwanja umefurika.

Matukio yamethibitisha hivyo. Mwaka 1997 katika bustani ya wanyama ya Minnesota, chemchemi iliyojengwa kwa ajili ya kupendeza macho iligeuzwa na watoto kuwa mahali pa kuchezea. Maji yake yalichujwa kwa mchanga, yakatiwa klorini na kurudishwa, na wagonjwa 369 wa kriptosporidiamu wakahusishwa nayo. Mwaka 2005, kwenye bustani ya jimbo kando ya Seneca Lake, mjini Geneva, New York, uwanja wa maji ulifungwa katikati ya Agosti, na kimelea hichohicho kilikutwa kwenye matangi yake mawili; waliougua walipita 3,000, wakatoka katika kaunti nyingi za jimbo hilo. Mwaka 2021 huko Goddard, Kansas, bustani ya wanyama iitwayo Tanganyika Wildlife Park ilipata milipuko miwili ndani ya Juni moja, wa shigela na wa norovirusi. Wachunguzi walikuta kwamba maji yalilala tangini usiku kucha badala ya kuzungushwa, kuchujwa na kutiwa dawa mfululizo. Hapakuwa na kifaa cha kupima na kurekebisha klorini chenyewe. Na hakuna mfanyakazi aliyekuwa na cheti cha kuonyesha kwamba amefunzwa kuendesha mtambo ule. Waliopata maji kinywani ndio hasa waliougua.

Tazama kwamba sababu za Minnesota na New York si sawa na zile za Kansas. Kule kimelea kilishinda dawa. Huku dawa yenyewe haikusimamiwa. New York ilijifunza somo lake haraka na kutunga kanuni zinazotaka maji yanayorudishwa yapitishwe kwenye taa za miale ya urujuanimno, ambayo hukiweza kriptosporidiamu pale klorini inaposhindwa. Ni hatua nzuri, na mtaa wowote unaochagua mtambo wa kurudisha maji usiukubali bila taa hizo. Lakini taa haimponyi mtu wa Kansas. Shigela na norovirusi hufa kwa klorini ya kawaida ikiwa ipo, na ili iwepo lazima mtu aipime.

Suala la mtu huyo ndilo lililo zito kuliko yote. Septemba 2021 mtoto alifariki huko Arlington, Texas, kwa amiba aitwaye Naegleria fowleri, baada ya kucheza kwenye uwanja wa maji wa bustani ya jiji. Amiba huyu hamdhuru anayemnywa. Huingia kwa njia ya pua, maji yanapopigwa juu kwa nguvu, na akifika kwenye ubongo ni nadra sana mtu kupona. Wagonjwa wa namna hii nchini Marekani hawafiki 10 kwa mwaka, kwa hiyo sitaki kumtisha mzazi yeyote kwa jambo la nadra kiasi hicho. Ninachotaka kieleweke ni kwamba amiba huyu, tofauti na kriptosporidiamu, hana kinga ya ajabu: klorini ya kutosha humuua. Jiji lilipokagua kumbukumbu za viwanja vyake, ilibainika kwamba katika viwanja viwili kati ya vinne, kipimo kilichotakiwa kufanywa kila asubuhi kabla ya kufungua hakikuwa kikiandikwa ipasavyo, na siku nyingine hakikufanywa kabisa. Kipimo chenyewe ni kazi ndogo: kuchota maji kwenye kichupa, kutia matone ya dawa, kulinganisha rangi, kuandika tarakimu. Huachwa kwa sababu kimepangwa kuwa kazi ya pembeni ya mtu mwenye kazi nyingine tano, aliyepewa ufunguo wa chumba cha pampu pamoja na ufagio.

Ndiyo maana napendekeza maji yapite mara moja. Katika mfumo huo uwanja huunganishwa na bomba la maji ya kunywa ya mji, yaliyokwisha kutibiwa na kupimwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Maji humwagikia mtoto, huingia mferejini, na hayarudi. Kinachohitajika ni vali ya kuzuia maji kurudi nyuma kwenye bomba la mji, kusafisha mabomba kwa kuyaacha yatiririke kabla ya msimu kuanza, na kuyakausha kabisa kabla ya baridi kali haijayapasua. Hatari haiishi yote, kwa kuwa watoto wawili wanaochezea kitundu kimoja bado wanaweza kuambukizana. Lakini kosa la mtoto mmoja haligawiwi tena kwa kila aliyekuja siku ile na siku zinazofuata, na uzembe wa asubuhi moja haugeuki kuwa mlipuko wa kaunti nzima.

Pingamizi kubwa ni la maji yenyewe, na linastahili jibu la hesabu. Tuchukue kwa mfano uwanja unaotoa lita 380 kwa dakika. Ukiachwa wazi saa 10 utakuwa umemwaga lita 228,000. Katika Texas au California, wakati wa ukame, hakuna diwani atakayeithubutu hesabu hiyo, na mimi simlaumu. Lakini uwanja hauna sababu ya kumwaga maji bila mtu. Kitufe ambacho mtoto hukibonyeza, kikatoa maji kwa dakika 3 na kujifunga, kinaweza kuzipunguza saa 10 hadi saa 4 za maji kweli, nazo ni lita 91,200. Vitundu vikipunguzwa nusu, ambayo ni sawa na kuacha ndoo kubwa na maua ya chuma, tunabaki na lita 45,600. Hapo picha za mkutanoni zinapata bei yake halisi. Na kwa kulinganisha, mamlaka za New York hueleza kwamba bomba la zimamoto likifunguliwa bila kinyunyizio humwaga zaidi ya galoni 1,000 kwa dakika, yaani karibu lita 3,800. Kwa saa moja tu limemaliza zile lita 228,000. Kinyunyizio ambacho kituo cha zimamoto humpa mkazi mtu mzima akikiomba hushusha kiasi hicho hadi galoni 20 au 25 kwa dakika. Watoto wasipopewa maji kwa njia ya halali huyatafuta kwa njia nyingine, na njia hiyo hula maji mengi zaidi.

Tena neno kumwaga halina maana mpaka tujue mfereji unaelekea wapi. Las Vegas iko jangwani, lakini maji yanayoingia kwenye mfumo wake wa majitaka hutibiwa na kurudishwa Lake Mead. Yanayopotea hasa ni yale yanayonyunyiziwa nyasi na kupanda angani. Katika mji wa namna hiyo maji ya uwanja yakielekezwa kwenye majitaka hayajapotea. Kwingineko yanaweza kwenda kwenye mizizi ya miti ya bustani kupitia mabomba ya kudondosha yaliyozikwa. Nasisitiza yazikwe: maji yaliyopita kwenye nepi yasirushwe hewani juu ya nyasi wanapokaa watu na chakula chao.

Upande wa pili wanasema kwamba mji wenye uwezo unaweza kuweka taa, kipima klorini cha kujiendesha na fundi mwenye cheti, na ukaokoa maji mengi. Nakubali kabisa. Uwanja mkubwa wa jiji, wenye watumishi wake wa kudumu, unaweza kurudisha maji kwa usalama, na CDC tangu mwaka 2014 imetoa mwongozo wa afya ya majini unaoeleza namna ya kufanya hivyo. Ubishi wangu unahusu bustani ya mtaa, ile yenye bembea mbili na choo kimoja, ambayo hupata fedha za ujenzi mara moja na kuachiwa fedha za uendeshaji kidogokidogo. Msaada wa kujenga hupatikana kwa mfadhili, kwa mbunge au kwa mchango wa wakazi, na utepe hukatwa. Mshahara wa mpimaji lazima utengwe upya kila mwaka, na bajeti ikibanwa ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa siku ya kwanza asipokuja hakuna anayeona tofauti.

Kuna pingamizi la tatu, nami nalipa uzito kuliko jingine lolote. Wapo wanaosema viwanja hivi vimekuwa kisingizio cha kufunga mabwawa ya kuogelea. Historia inawapa haki ya kushuku. Mahakama zilipoamuru mabwawa ya umma yasiwabague Weusi, miji kadhaa iliona heri kuyafunga kuliko kuogelea pamoja. Mji wa Jackson, Mississippi, ulifanya hivyo, na mwaka 1971, katika kesi ya Palmer v. Thompson, Mahakama Kuu ya Marekani iliuruhusu kwa kura 5 dhidi ya 4. Watoto wa watoto walionyimwa mabwawa hayo ndio leo wanaozama kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao Weupe, maana mzazi asiyejua kuogelea hana cha kumfundisha mwanawe. Uwanja wa maji haufundishi kuogelea. Mtoto anaweza kuucheza tangu ana miaka 2 hadi 10 na asijue hata kuelea. Kwa hiyo halmashauri inayofunga bwawa na kuleta uwanja wa maji kama fidia imechukua kitu na kurudisha kingine kisicholingana nacho, na wakazi wasikubali kupiga kura juu ya mambo hayo mawili kwa pamoja. Uwanja mdogo wa gharama nafuu ninaoupendekeza una faida hapa pia, kwa sababu haumezi fungu la ukarabati wa bwawa.

Kwenye mchoro kuna mambo mengine ninayoyapita haraka, si kwa kuwa ni madogo, bali kwa kuwa hayana ubishi: kivuli cha miti au turubai, mabenchi ambapo mlezi anaona sakafu yote, sakafu isiyoteleza. Choo na meza ya kubadilishia nepi vinataka neno moja zaidi. Viwe hatua chache kutoka kwenye maji. Vikiwa upande wa pili wa bustani, mama mwenye watoto watatu hataacha wawili ili amkimbize mmoja, na kila kanuni iliyoandikwa langoni juu ya nepi itabaki maandishi.

Sheria nayo imechelewa. Katika majimbo kadhaa, uwanja wa maji haukuhesabiwa kuwa bwawa kwa sababu maji hayasimami, na hivyo mkaguzi wa mabwawa hakuwa na mamlaka ya kuingia. Mtaa unaopanga uulize mapema nani ana mamlaka hayo, na kama hayupo, uyaandike wenyewe kwenye makubaliano na halmashauri. Langoni pawekwe ubao; na kama mtambo unarudisha maji, ubao uonyeshe kipimo cha mwisho cha maji na saa kilipochukuliwa, na pasipo kipimo cha siku hiyo, vali isifunguliwe. Mahali kama Boise, Idaho, ambako familia nyingi zilizotoka Kongo zinazungumza Kiswahili nyumbani, ubao huo uwe na Kiswahili pia, ukieleza kwa maneno ya kawaida kwamba mtoto anayeharisha asiingie, na kwamba aliyeambiwa na daktari kuwa ana kriptosporidiamu akae nje ya maji wiki 2 baada ya kuhara kukoma, maana anaendelea kutoa vimelea hata akiwa amechangamka. Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kupitishwa rangi ya sakafu na idadi ya nguzo, pamoja na fungu la mpimaji kwa miaka isiyopungua mitano ikiwa maji yatarudishwa, wakati mkandarasi bado anasubiri sahihi na mtaa bado una nguvu ya kukataa.